Stendi Mbili za Makambako

Neno la kwanza ambalo Tabea alimwambia baba mkwe wake, katika miaka miwili ya kuolewa, lilikuwa la kumkosoa. Alilisema mchana kweupe, uwanjani Makambako, mbele ya wapagazi wanne na dereva wa lori. Alipolisikia likitoka kinywani mwake alishtuka kana kwamba limesemwa na mtu aliyesimama nyuma yake.

Katika ukoo wa Mzee Nahumu, uliotoka upande wa Makete, mke wa mtoto hazungumzi na baba mkwe wala hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mwanamke hushuka pembeni na kugeuza mgongo mpaka mzee apite. Mchungaji aliwahi kuhubiri kwamba jambo hilo si la lazima kwa watu waliobatizwa. Mzee alimsikiliza, akamshukuru, na nyumbani mambo yakabaki vilevile. Tabea hakulalamika. Alikuwa amesoma chuo cha ualimu, lakini tangu utoto kusema mbele ya watu wazima kulimtoa jasho, na ile desturi ilimsitiri kama shali. Akiwa na neno kwa mkwewe, alimwambia mumewe, Elieza, naye akalifikisha. Jibu likarudi njia ileile.

Nahumu alikuwa fundi saa mjini Njombe. Kioo cha darubini yake alikisaga mwenyewe, mwaka mzima na zaidi, kwa unga wa msasa na maji, kama alivyofundishwa na mmisionari mmoja aliyekwisha kurudi kwao. Kwa miaka sita aliangalia nyota kila jioni isiyo na ukungu. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Saa aliziacha. Darubini nayo ikawa inamwacha, maana nyota haitulii: ndani ya dakika moja au mbili imeshatembea na kutoka machoni, na mwenye darubini hana budi kuisukuma kidogo ili aifuate. Mzee akiisukuma, kila kitu kinaruka. Jioni moja Tabea, akiwa jikoni, alimwona akiifunika darubini kwa blanketi kabla hata giza halijaingia vizuri. Alilia juu ya sufuria ya viazi na hakumwambia mtu.

Julai ya mwaka 1957 ikaja barua kutoka Makambako. Bwana mmoja mpima ardhi, ambaye Nahumu alimtengenezea saa zake kwa miaka mingi, alikuwa akiondoka Tanganyika kurudi kwao. Alikuwa na stendi mbili za darubini, zote za kujigeuza zenyewe na kuifuata nyota pasipo kuguswa. Mzee achague moja, iwe zawadi yake; ya pili ingepakiwa na mizigo Alhamisi kwenda bandarini. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Tabea aliisoma, Elieza akaifikisha, na mzee akatuma neno kwamba mke wa Elieza naye aje Makambako, akayasome makaratasi ya hizo stendi.

Elieza alikuwa dereva wa gari la kupeleka magome ya miti ya miwati kiwandani, na ndilo walilopanda, mzee mbele, Tabea nyuma pamoja na darubini iliyofungwa mablanketi. Walipofika, lori la mizigo lilikuwa tayari uwanjani, na dereva wake anaangalia saa. Aliyewapokea ni Manase, msimamizi wa nyumba ya Bwana, mtu wa maneno mengi.

Stendi ya kwanza ilikuwa ya umeme. Ilikuwa bado kwenye karatasi ya nta, rangi yake ya kijivu inang'aa. Ilifika kwa meli mwezi uliopita na Bwana hakupata hata siku ya kuitumia. Ya pili ilikuwa ya ufunguo, chuma cheusi kilichochubuka, unaijaza kwa kuzungusha ufunguo, kama saa ya mezani, nayo inazunguka saa moja na nusu.

"Mzee, na mikono hiyo utahangaika na ufunguo?" Manase alisema. "Hii unabonyeza swichi, unakunja mikono, darubini inaifuata nyota kama ndama."

Nahumu alicheka. Maneno yalimwingia. Injini ya misheni, jirani na nyumbani kwake, ilimpa umeme mpaka saa tatu za usiku, na ufunguo ndio ulikuwa adui yake. Akaishika ile ya kijivu, akasema hiyo ndiyo. Wapagazi wakaanza kulipigilia misumari sanduku la ile nyingine.

Tabea alikuwa kibarazani na kijitabu cha stendi ya umeme. Alikuwa amefika ukurasa wa mwisho, wenye maandishi madogo. Pale palisema kwamba mota huzunguka upande mmoja tu, na imetengenezwa kwa ajili ya nchi zilizo kaskazini ya ikweta. Alirudia kusoma.  Jambo hilo alilifundisha darasani kwa chungwa na sindano ya kufumia: huko kaskazini mhimili ambao stendi huuzunguka huelekezwa kaskazini, huku kwetu huelekezwa kusini, na ukiugeuza mhimili, mzunguko nao unageuka. Njombe stendi ile isingeifuata nyota. Ingeikimbia.

Alimtafuta Elieza. Elieza alikuwa amekwenda na debe kutafuta maji ya rejeta ya gari. Akamfuata Manase, aliyekuwa juu ya lori akifunga kamba, akamweleza kwa sauti ndogo.

"Mwalimu," Manase alimjibu akicheka, "umeme ni umeme. Hauulizi mtu kwao ni wapi."

Sanduku la stendi ya ufunguo likainuliwa. Dereva akawasha injini. Tabea aliitazama njia ya kisimani, hakuna mtu. Aliona jinsi mzee alivyoushika ule mguu wa kijivu kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyepewa mtoto, na miguu yake ikamshusha ngazi kabla hajaamua.

"Baba, hiyo inakwenda kinyume."

Wapagazi walisimama na sanduku mabegani. Manase aliachia kamba. Nahumu akageuka, na kwa mara ya kwanza macho yao yakakutana. Tabea alitarajia kuona hasira. Alichokiona kilimshtua zaidi: mzee ameogopa, kama yeye mwenyewe alivyoogopa. Kisha akageuza uso haraka, kama aliyeona uchi wa mtu. Nyuma yao debe likaanguka. Elieza alikuwa amerudi, maji yanamwagikia viatu vyake, naye hayaoni.

Tabea alitaka kukimbia. Lakini sanduku lilikuwa bado mabegani mwa watu, na ikiwa desturi ameshaivunja, kunyamaza sasa kungekuwa kuivunja bure. Akiwa ameyakazia macho mabuti ya mzee, akasema yote: ukurasa wa mwisho, mota ya upande mmoja, chungwa.  Akakaa chini, vumbini.



"Shusheni," akawaambia wapagazi. "Tutazijaribu zote."

Walifunga darubini kwenye stendi ya kijivu, wakaiinamisha kwa mbao mpaka mhimili ukaelekea kusini, wakaacha mwanga wa jua upite ndani yake na kuchora picha ya jua kwenye karatasi nyeupe. Nahumu akamwambia Elieza achore duara kulizunguka jua, kisha akatoa saa yake. Mota ikiwa imezimwa, jua lilitoka ndani ya duara kwa dakika mbili na kidogo. Manase akawasha jenereta, swichi ikabonyezwa, na jua likatoka kwa dakika moja tu.

 Manase alikwenda kuiangalia swichi, akairudisha, akaibonyeza tena. Jua likatoka tena.

Wakafunga ya ufunguo. Pembeni ilikuwa na kijiti kidogo cha kugeuzia upande wa mzunguko. Elieza akakisukuma, akazungusha ufunguo. Jua likakaa ndani ya duara. Dakika tano zikapita, kumi, na dereva wa lori mwenyewe akashuka kuja kutazama. Nahumu alikuwa ameficha mikono nyuma.

"Pakieni ya umeme," alisema.

Njiani kurudi Tabea alijikunyata nyuma ya gari kwenye upepo wa baridi, akipanga moyoni jinsi atakavyowaeleza wazazi wake kwa nini amerudishwa. Nyumbani, Elieza alimsimulia mama yake, Zipora, huku ameshika mlango. Zipora aliketi juu ya gunia.

"Alimwambia yeye? Kwa kinywa chake? Mbele ya watu?"

Elieza alisema ndiyo. Mama akainuka, akapakua chakula. Kisha Elieza akaondoka na gari, maana magome yalikuwa yakisubiriwa.

Saa moja na nusu jioni Zipora akaja jikoni. Alisema bila kumtazama kwamba baba yao anataka ufunguo uzungushwe na yule aliyejua upande.

Tabea alitoka nje. Stendi ilikuwa uani, darubini juu yake, na mzee amesimama kando ya ua, mgongo ameugeuzia nyumba. Tabea alizungusha ufunguo mpaka ukagoma, akarudi mlangoni pa jikoni, naye akageuza mgongo. Alisikia mzee akija na kukaa kwenye kigoda. Baada ya hapo hakusikia chochote. Muda ukawa mrefu mno. Alianza kufikiri kwamba amekosea, kwamba kile kijiti hakukisukuma, kwamba sasa hata zawadi yenyewe imepotea kwa sababu yake.

Kigoda kikatoa mlio. Alichungulia. Mzee alikuwa amenyanyuka, anajipangusa uso kwa mkono wa koti, anarudi taratibu kule kando ya ua. Akasimama, akaugeuza mgongo. Kigoda kilibaki kitupu, na darubini haikufunikwa.

"Nenda," Zipora alinong'ona nyuma yake. "Hatageuka."

Tabea akaenda, akakaa, akaweka jicho. Ndani ya giza palikuwa na mpira mdogo wa manjano, na pete kuuzunguka, safi, kama kitu kilichotengenezwa mezani na fundi. Haukutikisika. Haukutembea. Aliguna kwa mshangao, kwa sauti, akaziba mdomo akiwa amechelewa.

Kule kando ya ua, mgongo ukiwa vilevile, mzee naye akaguna.