Gari la Chini

Kitu cha kwanza alichokiona Mwanakheri pale kwa wauza magari ni kwamba tumbo la gari jeupe lilikuwa shubiri moja tu kutoka ardhini. Jingine, la namna ile ile, lilikuwa limeinuka, na magurudumu yake yote manne yalivuta.

"Hili jeupe ni la lami, halili mafuta," alisema mumewe Boga, aliyechukua watalii wa Shelly Beach. "Lile ni la matopeni. Wasemaje?"

"Utakalo wewe."

"Mwoneni, kama bibi harusi mbele ya kadhi," Boga aliwaambia wauzaji akicheka, akanunua jeupe.

Kwao, mke huzaa mwana wa kwanza kwa mamake, na kwa mamake Mwanakheri, ndani ya Timbwani, njia ni udongo mtupu. Masika, uchungu ulipomkalia vibaya, Boga aliitwa aje ampeleke hospitali. Gari likazama njiani. Majirani wakambeba Mwanakheri kitandani hadi lami, na mtoto akazaliwa amekufa.

Siku ya arobaini Boga alikuja kumchukua, kwa miguu.

"Nimeliuza," alisema. "Ndilo lililotuulia mwana."

"Gari halina kosa," Mwanakheri alijibu. "Siku ile uliponiuliza nilikuwa na mimba ya miezi miwili, nami nilijua nitazalia huku. Nilitaka lile la juu. Niliona haya kukwambia."