Paa la Katekista Cornelius

Nyumba ya marehemu Katekista Cornelius, pale Mollo, ilikaa tupu mpaka popo wakaiona ni ya kwao. Paa lake la nyasi lilikuwa limebonyea, na bustani ya mipichi na mawaridi aliyoipanda kwa mikono yake ilikuwa imemezwa na magugu. Mjukuu wake Zita aliapa kuirudisha kama ilivyokuwa enzi za babu. Mumewe Baltazari, ambaye hajawahi kuezeka hata banda la kuku, alisema kazi hiyo anaiweza.

Walifyeka magugu, wakakandika kuta, wakapanda njegere kati ya mipichi. Ikafika siku ya kuezeka. Baridi ya Ufipa ilikuwa kali, kwa hiyo Baltazari alipanda juu na koti lake zito linalomfika magotini. Yeye huko juu alichoma nyasi kwa sindano ndefu ya mwanzi yenye kamba. Zita ndani aliipokea, akaizungusha kwenye fito, akairudisha nje. Mle ndani mlikuwa giza, Zita akawa anafuata sauti tu.

"Kaza, Mama Jenifa," Baltazari alihimiza.

Zita akakaza kwelikweli.

Mara akasikia kitu kinatafuna. Kuchungulia dirishani, ng'ombe wa jirani yao Masunga, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, yumo kwenye njegere.

"Baba Jenifa, shuka umfukuze ng'ombe."

"Siwezi."

"Unamwogopa?"

"Umenishona."

Zita akatoka nje, akamkuta mumewe amelala kifudifudi juu ya paa, pindo la koti limezama kwenye nyasi.

"Nilete kisu nikate kamba?"

"Ukikata kamba, safu yote inaporomoka na mimi."

"Basi tukate koti."

"Hili nimefungia ndoa."

"Ndoa haimo humo. Livue."

Baltazari akafungua vifungo kimoja kimoja, akachomoka kama ndizi kwenye ganda, akateleza mpaka kwenye lundo la nyasi lililokuwa chini. Ng'ombe alishtuka, akatimka na mnjegere mdomoni.

Masunga akaja mbio, blanketi mabegani, kuomba radhi. Kwa aibu akajitolea kupanda yeye, alifumue koti na kuendelea kuezeka. Baltazari akaingia ndani kupokea sindano. Haukupita muda, Masunga akaita kwa upole kutoka juu:

"Jamani, na blanketi langu."

Toka hapo Zita akapiga marufuku kupanda na vazi lolote linaloning'inia. Paa likamalizika huku meno ya wanaume wawili yakigongana.

Mvua za kwanza ziliwakuta wote watatu ndani, wanakunywa chai. Nyasi zilikuwa nene mno. Halikupita tone, wala sauti haikupita. Walijisifu, wakaongeza chai, wakajisifu tena, hadi Zita alipofungua mlango akaona nguo zote alizoanika zinachuruzika maji.

Baltazari alichungulia begani kwake.

"Kumbe inanyesha," akasema, akarudi kwenye kikombe chake ameridhika.