Sekunde Arobaini za Bwana Aliyeoa Kabati

Shemeji yangu, tunayemwita Profesa ingawa anauza matairi, anakusanya filamu ambazo hata waliozitengeneza wangependa zisahaulike. Kadiri zilivyo ovyo ndivyo anavyozipenda. Ukipenda, chongo huita kengeza. Mwaka jana alipata aliyoisaka miaka tisa, ya bwana aliyeoa kabati. Mkanda ni huo mmoja tu, mchakavu, hata hakuthubutu kuutazama. Aliniletea mimi, fundi wa deki za video, niunakili.

Nikauharibu. Kila nikitengeneza deki huijaribu kwa kurekodi kutoka kamera ndogo iliyo mezani, na siku ile nilisahau kwamba mkanda wa Profesa umo ndani. Sekunde arobaini zikafutika, pale kabati linapolia. Mahali pake ukaingia mkono wangu, bisibisi na kikombe cha chai. Nikafyata ulimi, nikampa nakala.

Wenzake wanaokusanya filamu kama yeye waliishangilia. "Huo mkono! Kidole kimekatika pingili, ndiyo ndoa yenyewe hiyo!" Kidole hicho Profesa amekula nacho sahani moja miaka kumi, asikitambue. Nilicheka peke yangu, halafu nikaona aibu.

Leo ametualika sebuleni kwake, mimi na mama mmoja wa makamo aliyesafiri siku nzima. Mama mzazi wa mgeni huyo aliigiza humo, akafariki yeye akiwa mchanga, bila kuacha hata picha.

"Anatokea mara moja tu," ananiambia. "Shangazi alinisimulia. Kabati likilia, yeye ndiye anayelifuta machozi."

Natamani umeme ukatike. Nafungua mdomo, naufunga, nafungua tena, na filamu inaendelea.

Kabati linaanza kulia. Mgeni anafuta miwani upesi, anaivaa, anasogea ukingoni mwa kiti. Mkono. Bisibisi. Kikombe.

"Hapo sasa!" Profesa anapiga makofi. "Shemeji, umeona?"

Mgeni anatazama mpaka mwisho, kila sura, hata za wapita njia.

"Labda walimkata, dada," Profesa anamfariji. "Filamu hizi hazina mpangilio."

"Labda."

Kisha mgeni ananigeukia. Macho yake yanatua kwenye kikombe nilichoshika, yanabaki kwenye kidole changu. Wenzake Profesa wameutazama mkono huu mara mia. Huyu alikuwa akimtafuta mtu wake.

Nangoja matusi. Ningeyapokea.

"Kaka," ananiuliza taratibu, "kabla hujamfuta, ulimwona? Alikuwa anafananaje?"

Sikuwa nimemwona. Nilikuwa nanywa chai.