Kipimo cha Kwenda na Kurudi

Baada ya uji wa asubuhi Shamim alibandika plasta mpya nyekundu sakafuni, akaweka kiti upande wa pili wa ukumbi, akamwita Mama Paska. Shamim alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kituo cha wazee mjini Arua. Mama Paska alikuwa mjane kutoka kijiji cha Kuluba ambaye kiharusi kilimpoozesha upande wa kushoto. Akifaulu kipimo, angeruhusiwa kwenda kwake. Asipofaulu, angesubiri jamaa aje kumchukua, na jamaa mwenyewe ni Loku, shemeji yake, aliyekwisha kuanza kulima shamba la mjane huyo na kuwaambia watu kwamba Paska si wa kurudi tena. Mama Paska alizipata habari hizo. Roho ilikuwa juu juu.

Walianza na mkono. Alitakiwa kuhamisha maharage kutoka sahanini hadi koponi kwa vidole vya kushoto, upesi. Alichelewa kwa kuwa aliyatenga yaliyotobolewa na wadudu.

"Mama, weka yote tu," Shamim alisema.

"Hii nani nakula? Hii iko mbovu."

Shamim aliviangalia vidole vilivyoibana punje ile, akaridhika. Mkono ukapita.

Miguu ndiyo iliyoleta taabu. Shamim alimwambia asimame, aende mpaka kwenye plasta, ageuke, arudi kuketi. Mama Paska alisimama vizuri, akaenda, na alipoikanyaga plasta akajikuta yuko Kuluba, kwenye njia ya nyuma ya nyumba ya jirani yake Jale. Alimsalimia Jale, akamuuliza habari za watoto, za mbuzi, za goti. Akawasalimia pia wanaoanika muhogo. Aliporudi kitini, wenzake walikuwa wameshakula chakula cha mchana, na miguu yake ilikuwa na tope.

Shamim alimpa kitambaa. "Mama, kutembea yako iko mzuri, lakini wewe nachelewa sana. Kwa njia hapana salimia watu."

"Mimi napita mutu bila kusalimia? Hiyo tabia ya nani?"

"Leo tu, mama. Halafu wewe naenda nyumbani."

Neno nyumbani lilimmaliza ubishi. Safari ya pili alifunga mdomo. Jale alimwita kutoka mlangoni. Yeye akakaza macho njiani. Waanika muhogo walinyoosha mikono, akawapita. Iliuma. Alifika uani kwake, akagusa mlango, akageuka, akarudi kuketi. Shamim aliitazama saa akapiga makofi, na Mama Paska akalia kwa furaha bila kuona haya.

Safari ya kurudi kwake alipanda gari. Alikuta turubai limefungwa uani na watu wanakula chakula cha matanga. Jale alimsogezea kiti.

"Wewe napita bila kusalimia," Jale alimweleza taratibu. "Mutu mzima hapana fanya hivyo. Basi sisi najua wewe nakufa. Sisi nalia mpaka sauti naisha."

Hakuna aliyemkimbia. Walimnawisha mikono, wakampakulia nyama, wakasifu kwamba anatembea vizuri kuliko siku za mwisho za uhai wake. Loku mwenyewe alikuja kumpokea kwa heshima.

"Shemeji, karibu. Nyumba iko yako, hakuna mutu nataka lala ndani. Lakini shamba, hapana. Mutu ya kufa nalima nini?"

Mama Paska alimkamata kiganja kwa mkono wa kushoto, akambana mpaka Loku akapiga kelele. Wazee wote walikubali kwamba mkono ule una nguvu ya kulima. Wakakubali pia kwamba shamba ni la Loku. Mama Paska aliwaambia wazi kwamba huo ni wizi, nao wakamjibu kwamba marehemu ana haki ya kukasirika.

Alipomaliza kusema aliinuka, akaingia ndani bila kushikwa na mtu. Kitanda kilikuwa chake, harufu ya nyumba ilikuwa yake, hakuna kengele ya kituo wala muuguzi wa kumwamsha. Furaha ilimjaa mpaka akacheka peke yake. Alilala mchana ule usingizi mzito, na nje jembe la Loku likaendelea kulima mpaka likagonga ukuta wa nyumba.