Mdhamini wa Sponji

Fundi sofa huyu mtaa mzima ulimwita Sponji, kwa sababu nywele zake hazikukosa vipande vya sponji hata siku ya harusi. Aliwahi kukopa kwenye chama cha akiba na mikopo ili apanue karakana. Mvua kubwa ikaja, maji yakaingia mpaka magotini, mbao na vitambaa vikaharibika, na marejesho yakasimama. Mdhamini wake alikuwa shemeji yake, muuguzi, dada wa mkewe. Chama kikakata akiba ya muuguzi, ile aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya karo ya mwanawe.

Shemeji hakuja kugomba. Aliacha tu kuja. Wakikutana kwenye misiba walisalimiana, wakaishia hapo.

Miaka iliyofuata Sponji alifanya kazi uani, chini ya turubai, akirudishia watu viti vya zamani. Kila alichopata alianza kumpelekea shemeji, kilichobaki ndicho kikaenda chama. Taratibu akamaliza kote kuwili.

Hazikupita siku nyingi, bibi mwenye nyumba waliyopanga akawaita yeye na mkewe.

"Wanangu wanataka nikakae kwao," akasema. "Nyumba nitaiuza, lakini ninyi mmenitunzia kama yenu. Nitawasubiri mwaka mmoja mtafute hela ya kuinunua."

Sponji akaenda chama akiwa amechana nywele. Afisa mikopo, binti mpole, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Deni umemaliza, baba, hongera sana. Ila rekodi yako bado inaonyesha ulivyokwama. Anza na mkopo mdogo, wa cherehani kwa mfano. Urejeshe kwa wakati, halafu uje tuzungumze habari za nyumba. Utahitaji mdhamini mmoja."

Neno hilo la mwisho lilimkata maini. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe waanze kutafuta vyumba vya kupanga kwingine. Mkewe akampigia dada yake simu.

Jumamosi shemeji akaingia uani, bado na sare ya kazini.

"Shemeji, nasikia unatafuta mdhamini."

Sponji hakuinua macho kwenye kiti alichokuwa akikishona. "Natafuta, lakini si wewe. Wewe nimeshakuumiza."

"Uliniumiza, sikatai. Nilikuwa hata sofa sitaki kuiona. Lakini hela yangu umeirudisha yote, tena kabla ya kuwamalizia chama. Nisipokudhamini wewe, nimdhamini nani?"

"Na nikikwama tena?"

"Utaniambia mapema. Safari ile habari nilipewa na karani wa chama, mbele ya watu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hela."

Sponji akaweka sindano chini. "Niliona aibu, shemeji. Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani. Haya, nipe maji ya kunywa, nimesimama tangu asubuhi."

Cherehani ilikuja, na kazi ikaongezeka. Kila mwezi, akishalipa tu, Sponji alimpigia shemeji simu kumwarifu. Ikafika mahali shemeji akawa anapokea kwa kusema, "Najua umelipa. Niache nilale, nimetoka zamu."

Kabla mwaka wa bibi haujaisha, afisa mikopo akaidhinisha mkopo wa nyumba. Shemeji alikuja kutia saini, akaazima kalamu, akauliza aandike wapi, kana kwamba anapokea mzigo wa kawaida. Sponji alikuwa amejiandalia maneno mazuri ya shukrani tangu jana yake. Yote yakamkimbia. Akabaki ameushika mkono wa shemeji kwa mikono miwili, mpaka yule binti akageukia dirishani kuwapa nafasi.

Jioni bibi aliwakabidhi funguo, akawaombea heri, akaondoka na mwanawe. Sponji na mkewe wakazunguka kama wageni kwenye vyumba vile walivyovizoea. Jikoni mkewe akaonyesha bati linalovuja.

"Sasa hatuna wa kumlalamikia," akasema.

Sponji akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaenda kutafuta ngazi.