Pindo la Mgeni

Jumamosi baada ya chai, matroni aliketi kwenye ngazi za bweni la wasichana na kufumua tena pindo la sketi ya Mgeni. Kitambaa cha kushusha kilikuwa kimeisha muhula uliopita, kwa hiyo sasa aliunga pazia.

"Nani tena kakuuliza?" alisema, sindano mdomoni.

"Kiranja wa bwalo. Na yule wa maktaba."

Kila alipoulizwa "Kwenu hasa ni wapi?" msichana huyu alirefuka upana wa kidole. Alikuwa mwaka wa tatu pale na bado aliitwa Mgeni, basi hesabu fanya mwenyewe. Alilalia vitanda viwili vilivyounganishwa. Bwaloni magoti yake hayakuingia chini ya meza yoyote, kwa hiyo alikula amesimama dirishani, peke yake. Wenzake hawakuwa wabaya, jamani. Mpira ukikwama juu ya paa walimpenda kweli kweli.

Mwalimu mkuu naye alifurahi mno. "Hapa watoto wanatoka kila pembe, na wanakua!" aliwaambia wazazi, akielekeza kidole juu. Picha ya Mgeni ilibandikwa getini. Mgeni mwenyewe alitaka kitu kimoja tu: kukaa kitako na kula na mtu.

Jumatatu akaletwa msichana mpya, mdogo, na sanduku linalomzidi kimo. Alibeba sahani yake hadi dirishani, akainua shingo.

"Dada, unaitwa nani?"

Jina lenyewe ilibidi Mgeni alitafute kwanza. Akamwambia. Papo hapo akapungua upana wa kidole.

Mdogo akaendelea kuuliza: unapenda nini, unaogopa nini, mbona hesabu ngumu hivi. Kufikia Alhamisi magoti yaliingia chini ya meza. Walikula pamoja, wakacheka mpaka chai ikawapalia. Mgeni alikuwa na furaha isiyo na mfano.

Mwalimu mkuu alipomwona Mgeni amefupika alihamaki. "Wafadhili wanakuja kesho, na picha iko getini! Watatuonaje?" Akamhamishia mdogo bweni la pili, meza ya mwisho.

Wafadhili walikuja, watu wema sana. Kila mmoja aliuliza swali lile lile.

Jumamosi matroni alikuwa ngazini na pazia jingine mapajani. Mgeni alifika, akainama sana kupita mlangoni. Nyuma yake alikuja mdogo, sketi imepanda juu ya magoti.

"Na wewe?"

"Wameniuliza kwetu wapi."

Matroni alitunga uzi, akamwambia asimame wima.