Nishani ya Sajenti Rudkin

Jumapili ya kwanza ya Machi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Beryl Ockenden alikuwa ameinamia meza ya Desmond Pargeter, muuza vitu vya kale, kwenye ukumbi wa kanisa mjini Harnsby. Kioo cha kukuzia kilikuwa jichoni, na mkate wenye nyama ya nguruwe ulikuwa ukipoa mkononi mwake. Chini ya kioo kulikuwa na nishani ya fedha, na ukingoni mwake herufi ndogo zilizochongwa: SAJENTI A. RUDKIN. Nyuma: KWA USHUJAA, MOTO WA MTAA WA TANNER, 1908.

"Dakika kumi umeishika hiyo," alisema Desmond. "Ama inunue, ama ichumbie."

"Nyamaza, Desmond. Umeipata wapi?"

"Kwenye kopo la vifungo. Bibi mmoja alikuwa anahama nyumba."

Beryl aliendesha basi namba tisa miaka thelathini, akamzika mume, akalea mabinti wawili, lakini hakuna kitu kilichowahi kumpeleka moyo mbio kama jina la polisi kwenye ukingo wa nishani. Alinunua bila kubishana, jambo lililomsikitisha Desmond, kisha akatoka na kuusahau mkate mezani.

Kazi yake ya kukusanya nishani za polisi ilikuwa na utaratibu. Kila aliyepewa nishani alifunguliwa faili: alizaliwa wapi, alifanya zamu zipi, alitunukiwa kwa lipi, kaburi lake liko wapi. Faili likikamilika, mwenyewe huja Alhamisi inayofuata, na kila Alhamisi baadaye, saa kumi jioni. Hugonga mara mbili, hupangusa buti, hutundika koti la mvua ukumbini, akakaa kunywa chai. Mpaka Machi hiyo walikuwa kumi na wanne. Makoti yao yalidondosha mvua ya miaka yao, na Beryl aliweka ndoo chini. Jirani yake, Bi. Sowden, hakuwa na neno nao ila mmoja aliyezoea kupiga mbinja.

Faili la Rudkin lilimchukua siku tisa. Alishinda maktaba ya mji, macho kwenye magazeti ya zamani, akisahau kula. Gazeti lilisema kituo cha polisi cha Mtaa wa Tanner kilishika moto usiku wa Novemba, na wanawake saba walikuwa mahabusu. Sajenti Rudkin alifungua vyumba kimoja kimoja na kuwatoa wote katikati ya moshi. Kwenye kitabu cha zahanati Beryl akakuta mstari usio na jina, wa tarehe hiyo hiyo: mikono yote miwili imeungua, wiki tano. Akapiga kelele ya furaha hadi mtunza maktaba akaja kuangalia kama ameanguka.

"Nimempata!" alisema Beryl. "Mikono! Nimeipata mikono yake!"

Alhamisi alioka keki ya tangawizi, kubwa kuliko kawaida. Saa kumi mlango ukagongwa. Kizingitini alisimama mwanamke wa makamo, gauni jeusi, rundo la funguo kiunoni, nyusi zimeungua. Alipangusa viatu vizuri sana.

"Karibu, mama," alisema Beryl. "Nilikuwa namngoja Sajenti Rudkin."

"Hatakuja. Mimi Lettice Garbutt, matroni wa mahabusu pale Mtaa wa Tanner. Faili ulilolikamilisha ni langu. Mikono yangu hii hapa. Funguo zangu hizi. Umepata kila kitu isipokuwa jina."

Damu ilimpanda Beryl kichwani kwa raha. Miaka ishirini ya kukusanya, na kitu kama hiki hakijawahi kumpata.

"Usiseme neno!" alisema. "Ngoja nitafute kalamu. Kaa hapo. Usiseme hata neno!"

Lettice alikaa, akasema. Sajenti alikuwa baa ya ng'ambo ya barabara. Alifika paa likiporomoka, akashika ndoo, akapigwa picha. Mkuu wa kituo alikuwa ameonywa mara mbili kwamba jiko lina ufa, kwa hiyo alihitaji shujaa kabla watu hawajauliza habari za jiko. Lettice alifukuzwa kazi wiki hiyo hiyo, kwa kosa la kufungua vyumba vya mahabusu bila kibali cha maandishi.

Makonstebo kumi na wanne walitazama vikombe vyao kama watu wanaosoma.

"Enoch," Beryl alimwambia Konstebo Tuffnell, aliyempenda kuliko wote, "wewe ulikuwepo?"

"Tulikuwepo watatu, Bi. Ockenden."

"Mkasema nini?"

"Tuliulizwa kama sajenti alikuwepo. Tukasema alikuwepo. Hatukuulizwa zaidi."

"Niliwapikia ninyi uji miaka kumi na mmoja," alisema Lettice, bila ukali.

"Sajenti alikuwa na watoto watano," alisema Tuffnell.

"Na keki yangu unaitafuna tu," alisema Beryl, akamwondolea sahani. Wale wawili wengine waliokuwepo usiku ule wakasukuma sahani zao wenyewe.

Kesho yake asubuhi Beryl alikuwa kwa mchongaji, Bwana Issott, kabla hajafungua duka. Bwana Issott alilifuta jina la Rudkin, akachonga L. GARBUTT kwa herufi nzuri. Jumamosi jina lilikuwa Rudkin tena. Alichonga mara ya pili, Beryl akailaza nishani kwenye kasha la chuma. Jumatatu ikawa Rudkin.

"Kuna fedha ya namna hii," alisema Bwana Issott. "Niliwahi kuletewa kikombe cha mbio za mbwa chenye tabia hiyo hiyo. Ukiniuliza mimi, usiendelee kuikwaruza."

Beryl akaandika barua kwa ofisi ya kumbukumbu ya mji, kurasa sita, na nakala za kila kitu. Jibu lilikuja likiwa na mistari minne. Walimshukuru kwa mapenzi yake ya historia. Suala la moto wa Mtaa wa Tanner lilifungwa mwaka 1908 na hakuna utaratibu wa kulifungua.

Aliisoma barua ile kwa sauti Alhamisi, uso umemwiva kwa hasira.

"Nitawaandikia tena. Nitawaandikia hadi wanijue kwa mwandiko."

"Achana na nishani hiyo, mpenzi wangu," alisema Lettice. "Mimi nina swali moja tu. Wale saba nilipowatoa walikimbia gizani, kila mmoja njia yake. Sijui waliishia wapi."

Beryl aliiweka barua chini. Moyo ulianza tena kumwenda mbio.

"Majina unayakumbuka?"

"Sita. Wa saba hakutaka kusema. Alikuwa analia na kushika tumbo."

Masika hiyo Bi. Sowden alimwona jirani yake akitoka kila siku na mkoba wa karatasi, akitembea kama msichana anayechelewa dansi. Wa kwanza kupatikana alikuwa mfumaji aliyefia mjini Bradford, akaja Alhamisi na pamba kwenye nywele. Wa pili aliuza samaki hadi miaka themanini. Wakaja wawili kwa pamoja, dada, wakigombania kiti. Kufikia Juni walikuwa sita, na baadhi ya makonstebo walianza kukaa sakafuni.

Wa saba alimsumbua. Hakuna jina, hakuna kesi, hakuna kaburi. Kisha asubuhi moja, kwenye kitabu cha ubatizo cha kanisa dogo umbali wa vijiji vitatu, Beryl alikuta mtoto wa kike aliyezaliwa Machi 1909. Mama: Kezia Mold, mtumishi wa nyumbani. Baba: hakutajwa. Mtoto: Lettice.

Alikaa kwenye benchi la kanisa, akacheka, akalia, akacheka tena. Kasisi alimletea maji.

Kezia Mold alikuja Alhamisi, saa kumi kasoro dakika mbili. Alikuwa mfupi, amevaa kofia ya manyoya, na aliingia bila kuuliza njia. Lettice Garbutt alisimama.

"Jina lako la pili sikulijua," alisema Kezia. "Nilisikia la kwanza tu, wenzangu wakilipiga kelele kwenye moshi."

"La kwanza linatosha," alisema Lettice.

Viti havikutosha. Konstebo Tuffnell aliinuka kwanza, kisha wengine wote, wakajipanga ukutani na vikombe vyao, wakipitisha sahani za keki kwa wanawake na kurudi nyuma. Beryl alikuwa anaandika haraka hadi kalamu ikamvunjikia, akachukua nyingine bila kuinua macho. Wanawake wote wanane walikuwa wanasema kwa wakati mmoja.

Nishani ilikuwa mezani, katikati ya sukari na maziwa. Ukingoni iliandikwa SAJENTI A. RUDKIN, herufi kali kama zimechongwa jana. Kezia aliisogeza kwa kiwiko, apate pa kuweka kikombe chake.